Vidonda Visivyosikia Dawa: Usugu wa Vimelea katika Vita vya Iraki

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa nchini Iraki ulijengeka kwa zaidi ya miaka 30, kupitia vita na Irani, Vita vya Ghuba, vikwazo vya kiuchumi vya karibu miaka 13, uvamizi wa mwaka 2003 na mapigano ya Mosul. Dunia ilianza kuusikia pale madaktari wa jeshi la Marekani walipokuta katika majeraha ya askari wao bakteria ambaye karibu kila dawa ilishindwa kumuua. Kwa Wairaki habari hiyo ilikuwa imeanza zamani, na chanzo chake kilikuwa katika mambo ya kila siku ya hospitali: maji, umeme, klorini, glavu, mishahara ya wauguzi na kemikali za maabara.

Dawa za antibiotiki huua bakteria kwa kubomoa ukuta unaomzunguka au kwa kuzuia kazi fulani anayoihitaji ili aishi na kuzaana. Bakteria naye ana njia za kujikinga. Hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa, huziba matundu ambayo dawa hupenyea, huisukuma nje kabla haijafanya kazi, au hubadilisha ile sehemu ya mwili wake ambayo dawa hulenga. Maelekezo ya kufanya hivyo yamo katika jeni zake, na baadhi ya jeni hizo hukaa kwenye vipande vidogo viitwavyo plasmidi ambavyo bakteria mmoja humpa mwingine, hata wakiwa si wa aina moja. Dawa haimfundishi bakteria ujanja huo. Huwaua walio dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu, na nafasi hiyo hupanuka zaidi dozi inapokuwa ndogo au inapokatishwa. Edward Abraham na Ernst Chain walieleza kimeng'enya kinachoharibu penisilini mwaka 1940, kabla penisilini yenyewe haijaanza kutumika kwa wagonjwa wengi. Alexander Fleming, katika hotuba yake ya Nobel ya Desemba 1945, alionya kwamba mtu anayekunywa dozi pungufu anaweza kuwazoesha vimelea dawa na kuwaambukiza wengine vimelea hao.

Bakteria aliyepata sifa mbaya zaidi katika vita vya Iraki ni Acinetobacter baumannii. Kwa mtu mwenye afya njema hana nguvu kubwa. Humvamia aliyekwisha kudhoofika: aliyeungua, aliyepasuliwa, aliyewekewa mpira wa mkojo au anayepumua kwa mashine. Nguvu yake hasa ni uvumilivu, kwa maana anaweza kukaa kwa wiki kadhaa juu ya kitu kikavu, iwe ni ukingo wa kitanda, pazia, meza ya dawa au bomba la mashine ya kupumulia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 maambukizi yake yalitibika kwa dawa za kawaida kama ampisilini na jentamaisini. Miaka 30 baadaye, katika hospitali nyingi duniani, dawa hizo hazikumgusa tena.

Iraki iliingia katika miaka ya vita ikiwa na huduma za afya zilizosifiwa kote Mashariki ya Kati. Chuo cha Tiba cha Kifalme kilifunguliwa Baghdad mwaka 1927, wakati wa utawala wa Waingereza, kikiongozwa na daktari Harry Sinderson, na wahitimu wake wengi walikwenda Uingereza kusomea ubingwa. Baada ya mafuta kutaifishwa mwaka 1972, serikali ilipata fedha za kujenga hospitali kubwa, kuleta vifaa na kutoa matibabu bure. Shirika la serikali la Kimadia liliagiza dawa kutoka nje, na kiwanda cha Samarra kilitengeneza nyingine humo humo nchini. Vita na Irani, vilivyoanza Septemba 1980 na kumalizika Agosti 1988, viliua na kujeruhi watu kwa mamia ya maelfu na kumeza fedha nyingi, lakini havikuvunja mfumo huo. Madaktari wa upasuaji wa Iraki walitoka humo wakiwa na ujuzi wa majeraha ya vita ambao wenzao wengi duniani hawakuwa nao.

Kilichouvunja ni yaliyofuata. Tarehe 6 Agosti 1990, siku nne baada ya jeshi la rais Saddam Hussein kuingia Kuwait, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 661 lililozuia karibu biashara yote na Iraki. Dawa ziliachwa nje ya marufuku hiyo kwa maandishi. Lakini nchi iliyokuwa ikinunua dawa kwa fedha za mafuta ilikatazwa kuuza mafuta, na akiba zake katika benki za nje zilizuiwa, hivyo ruhusa ya kununua ilikosa fedha ya kununulia. Januari 1991 mashambulizi ya anga ya Vita vya Ghuba yalianza, na miongoni mwa yaliyopigwa ni vituo vya kuzalisha umeme. Umeme ulipokatika, pampu za maji zilisimama, mitambo ya majitaka ikasimama, na maji machafu yakaingia katika mito ile ile ambayo watu walichota maji ya kunywa. Kuvitengeneza vituo hivyo kulihitaji vipuri, na kuyasafisha maji kulihitaji klorini. Klorini iliwekwa chini ya uangalizi mkali kwa sababu inaweza pia kutumiwa kutengeneza silaha, hofu isiyokuwa ya bure kwa serikali iliyokuwa imewaua Wakurdi kwa sumu kule Halabja mwaka 1988. Lakini gharama ya hofu hiyo ilibebwa na watoto walioharisha.

Mpango wa kuuza mafuta ili kununua chakula na dawa uliidhinishwa kwa azimio namba 986 la Aprili 1995, na dawa za kwanza chini ya mpango huo zilifika mwaka 1997. Kati ya mwaka 1990 na 1997, hospitali ziliishi kwa kubangaiza. Katika miaka hiyo ndipo usugu ulipopata shamba lake, ingawa hakukuwa na maabara za kutosha kuupima.

Upungufu wa dawa huzaa usugu kwa njia ambazo mara nyingi hazitazamwi. Daktari mwenye antibiotiki moja tu katika stoo huitumia kwa kila ugonjwa, kwa homa ya matumbo na kwa nimonia, kwa kidonda na kwa figo. Dozi ya siku kumi hugawanywa ili itoshe wagonjwa wawili. Mgonjwa aliyeanza na dawa moja humalizia na nyingine kwa sababu ya kwanza imekwisha. Glavu zilizokusudiwa kuvaliwa mara moja huoshwa na kuvaliwa tena, mashine ya kutakasa vyombo kwa mvuke huzimika katikati ya kazi, na muuguzi ambaye mshahara wake wa mwezi haununui hata trei ya mayai huacha kazi au hufanya kazi mbili. Maabara inapokosa kemikali za kuotesha usaha, hakuna anayejua ni bakteria gani aliyemo kidondani wala ni dawa gani itamuua. Daktari hubahatisha, na akishindwa mara ya kwanza hubahatisha tena kwa dawa kali zaidi. Lawama ya usugu imezoeleka kutupiwa mgonjwa asiyemaliza dozi, lakini mgonjwa wa Baghdad wa mwaka 1994 hakuwa na dozi ya kumaliza.

Uvamizi ulioongozwa na Marekani Machi 2003 ulifungua sura nyingine. Serikali ilipoanguka Aprili, hospitali na maghala ya dawa yaliporwa, na baadhi ya hospitali za Baghdad zilipoteza vitanda, majokofu na mashine katika siku chache. Wakati huo huo jeshi la Marekani lilikuwa likijenga mtandao wake wa tiba. Fulana za kuzuia risasi na kamba za kubana damu ziliwaokoa askari ambao katika vita vya zamani wangekufa papo hapo, lakini waliokolewa wakiwa na miguu na mikono iliyosagwa na mabomu ya kutegwa barabarani. Jeraha la namna hiyo hubeba udongo, vipande vya nguo, chuma na nyama iliyokufa. Dawa husafiri kwa damu, na penye nyama iliyokufa au mfupa uliovunjika vipande damu haifiki, kwa hiyo bakteria hujificha humo hata dripu ikiwa na antibiotiki bora kuliko zote. Tiba ya msingi ya jeraha la vita bado ni ile waliyojifunza madaktari wa Vita Kuu ya Kwanza, Fleming akiwa mmoja wao katika maabara ya Boulogne: kukata kila kilichokufa, kuosha, na kuliacha wazi kwa siku kadhaa kabla ya kulifunga.

Askari aliyejeruhiwa alipitia hospitali ya uwanjani, akapelekwa kwa ndege Landstuhl nchini Ujerumani, kisha Washington, na safari yote ikamalizika ndani ya siku chache. Kila kituo kilimwongezea mpira, mashine na antibiotiki yenye uwezo mpana, na bakteria aliyempata kituo cha kwanza alisafiri naye hadi cha mwisho. Novemba 2004 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa kilitangaza kwamba kati ya Januari 2002 na Agosti 2004 wagonjwa 102 katika hospitali za jeshi walikutwa na Acinetobacter baumannii katika damu, na 85 kati yao walihusishwa na operesheni za Iraki, Kuwait na Afghanistan. Baadhi ya bakteria hao hawakusikia dawa yoyote iliyopimwa. Hospitali za Uingereza na Kanada zilizopokea majeruhi wa vita hivyo ziliona mambo kama hayo.

Dhana ya kwanza ilikuwa kwamba bakteria huyo anatoka katika udongo wa Iraki na kuingia mwilini wakati bomu linapolipuka. Askari na waandishi wa habari wakamwita kwa jina la nchi hiyo, na jina likashika. Uchunguzi wa madaktari wa jeshi lenyewe, uliochapishwa mwaka 2007, haukuunga mkono dhana hiyo. Kati ya sampuli 49 za udongo, ni moja tu iliyokuwa na bakteria wa kundi hilo, ilhali katika hospitali saba za uwanjani zilizopimwa, zote saba zilikutwa nao katika maeneo ya matibabu. Askari hawakuokota ugonjwa mchangani. Waliupata walikolazwa, katika vyumba ambamo majeruhi wa mataifa yote walipita na ambamo Wairaki walikaa muda mrefu kuliko wote, kwa kuwa hawakuwa na pa kuhamishiwa. Jina hilo, kwa hiyo, lilikuwa dhuluma kwa nchi iliyokwisha kudhulumiwa vya kutosha. Swali lililobaki, na ambalo halikuulizwa kwa bidii ile ile, ni nini kiliwapata Wairaki waliotoka katika hospitali hizo na kurudi nyumbani.

Madaktari waliokosa dawa walilazimika kurudi nyuma. Kolistini, antibiotiki iliyogunduliwa Japani mwishoni mwa miaka ya 1940, ilikuwa imewekwa kando katika miaka ya 1970 kwa sababu huumiza figo na mishipa ya fahamu. Ilirudishwa kwa kuwa bakteria walikuwa hawajaizoea. Karbapenemu, kundi la antibiotiki lililokuwa kimbilio la mwisho katika miaka ya 1990, likawa dawa ya kuanzia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka, Acinetobacter baumannii sugu kwa karbapenemu aliwekwa katika daraja la juu kabisa.

Ndani ya Iraki, miaka iliyofuata 2003 iliwaondoa wale ambao wangeweza kuuzuia usugu. Madaktari walitekwa nyara ili familia zilipe, walitishwa na waliuawa, na maelfu yao walihama kwenda Jordan, Uingereza na nchi za Ghuba. Mipaka ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, uhaba wa miaka ya 1990 uligeuka kuwa mafuriko. Antibiotiki za kila aina ziliingia bila ukaguzi wa kutosha na kuuzwa dukani bila cheti cha daktari. Mtu ambaye kliniki yake ilikuwa ng'ambo ya vizuizi vya barabarani na milipuko alikwenda duka la dawa la mtaani, akaeleza dalili, akapewa vidonge. Kwa mtazamo wa mtu huyo lilikuwa jambo la busara. Kwa vimelea lilikuwa zoezi la kila siku.

Aliyekuwa na uwezo alisafiri. Familia ziliuza magari na viwanja ili kumpeleka majeruhi Amman, Beirut, Tehran au India, na Omar Dewachi, daktari wa Kiiraki aliyegeukia anthropolojia na kuandika historia ya tiba ya nchi yake, alifuatilia safari hizo akiwa Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut. Mgonjwa alipopokewa huko alikuwa amekwisha kupita hospitali tatu au nne, kila moja ikiwa imejaribu antibiotiki zake, na mara nyingi hakuwa na karatasi yoyote inayoonyesha alichopewa. Madaktari Wasio na Mipaka walianzisha Amman mwaka 2006 mradi wa upasuaji wa kurekebisha viungo kwa ajili ya majeruhi wa Iraki, na baadaye ukawapokea pia wa Syria, Yemen na Gaza. Wengi walifika na mifupa iliyooza kwa muda mrefu. Huko usaha na mfupa vilioteshwa maabara ipasavyo, na utafiti wa wagonjwa wa Kiiraki uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya maambukizi ya mifupa yalikuwa ya vimelea sugu kwa dawa nyingi. Hao walikuwa raia: wapita njia, wauza sokoni, watoto. Kumponya mmoja kulidai upasuaji wa mara kadhaa na wiki nyingi za sindano za dawa ghali, na wakati mwingine iliishia kwa kukata mguu ambao bomu lilikuwa limeuacha.

Watafiti wa Beirut, akiwemo daktari wa upasuaji Ghassan Abu-Sittah, waliongeza hoja ambayo bado inachunguzwa. Risasi, mabomu na majengo yanayobomoka huacha madini ya risasi, zebaki, kromiamu na metali nyingine nzito katika udongo, maji na miili ya majeruhi. Bakteria anayeishi penye metali hizo hunufaika akiwa na jeni za kuzistahimili, na mara nyingi jeni hizo hukaa bega kwa bega na jeni za kustahimili antibiotiki. Mfano unaojulikana vizuri hautoki vitani: mwaka 2006 wanasayansi wa Ufaransa walieleza Acinetobacter baumannii aliyesababisha mlipuko katika hospitali za nchi yao, naye alikuwa na kisiwa kimoja cha jeni chenye jeni 45 za usugu, zikiwemo za kustahimili zebaki na aseniki. Ikiwa metali pekee inatosha kumteua bakteria mwenye mkusanyiko kama huo, basi uwanja wa vita unaweza kuendelea kuzalisha usugu hata pale ambapo hakuna aliyemeza kidonge. Hoja ina mantiki, ila ushahidi wa moja kwa moja kutoka ardhi ya Iraki bado ni mchache kuliko ushahidi wa hospitali.

Mosul ilionyesha matokeo ya yote hayo kwa pamoja. Mji huo ulitekwa na kundi la Dola la Kiislamu Juni 2014 na kukombolewa kwa mapigano ya miezi tisa, kuanzia Oktoba 2016 hadi Julai 2017. Hospitali zake kubwa, pamoja na zile za eneo la Al-Shifa magharibi ya mto Tigris, ziligeuka vifusi. Madaktari Wasio na Mipaka walipofungua mwaka 2018, mashariki ya mji, kituo cha kuwahudumia waliokwisha kupasuliwa, karibu asilimia 40 ya waliolazwa walifika wakiwa na maambukizi ya vimelea sugu kwa dawa nyingi. Kituo kililazimika kuwa na vyumba vya mtu mmoja mmoja, kanuni kali za kunawa mikono na kubadili magauni, na washauri wa kuzungumza na wagonjwa waliotengwa, kwani kijana aliyetoka vitani na kukaa wiki sita peke yake chumbani huumia pia moyoni. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba usugu unaweza kudhibitiwa hata katika mji uliobomoka, mradi maji, wauguzi na maabara vipo.

Njia iliyopitiwa Iraki imeonekana tena kwingine. Nchini Ukraine, baada ya uvamizi wa Urusi wa Februari 2022, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walipima sampuli za wagonjwa 141, wengi wao majeruhi wa vita, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 walieleza kuwa baadhi ya bakteria wa aina ya Klebsiella pneumoniae walikuwa sugu kwa kila dawa iliyopimwa, kolistini ikiwemo. Majeruhi wa Ukraine wamehamishiwa hospitali za Ujerumani, Uholanzi na nchi nyingine za Ulaya, nazo zimewakuta na vimelea kama hivyo. Tofauti ni kwamba Ulaya ina maabara za kuvitambua siku mgonjwa anapoingia. Yemen, Sudan na mashariki ya Kongo, ambako vita vimechukua miaka mingi, majeruhi wengi hutibiwa mahali ambapo usaha hauoteshwi kabisa, na idadi ya vimelea sugu haimo katika hesabu yoyote. Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwaka 2022, kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019, yalilazimika kujazia kwa hesabu za kukisia nchi ambazo hazina takwimu, na nchi za vita ni miongoni mwao.

Madaktari wa Iraki walijua tangu miaka ya 1990 kinachotakiwa: maji safi, umeme usiokatika, dozi kamili na maabara inayofanya kazi. Walinyimwa vyote vinne kwa maamuzi yaliyofanywa Baghdad, New York na Washington. Mataifa yanapoandika vikwazo vipya, klorini, vipuri vya pampu za maji na kemikali za maabara vinapaswa kuandikwa katika msamaha ule ule wa dawa, na fedha ya kuvinunulia iachwe wazi.